Mzee Shija na Sauti ya Vigae

Wanangu mnaoshika mwiko na grenda leo, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Jina langu ni Minza, lakini kuanzia Kahama hadi Geita ukiniita hivyo sigeuki. Nimezoea Mama Kulwa, kwa sababu ya mapacha wangu, Kulwa na Doto. Nimebandika vigae maisha yangu yote ya kazi: sakafuni, ukutani, na kwa miaka mingi zaidi ndani ya matumbo ya mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu, mahali ambapo hakuna mgeni atakayevua viatu mlangoni na kukusifia. Sasa magoti yamegoma kupanda ngazi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mtaani wengi wenu mnaviita malumalu, au tailizi, na mkisikia neno hilo mnawaza sebule inayong'aa. Sawa, sebule ni kazi, na imewalisha wengi. Ila kigae cha kauri ni udongo uliopikwa mpaka ukasahau kuwa ni udongo, na kila aina imepikwa kwa kazi yake. Anayevichanganya huaibika. Mimi nimeaibika mara nyingi kuliko wote mnaonijua, kwa hiyo nina haki ya kuwafundisha.

Aibu ya kwanza ilikuwa ya mistari. Ufundi nilijifunza kwa mjomba wangu mjini Shinyanga, na mjomba alikuwa mgonjwa wa mistari. Alivuta uzi wenye chaki, akapachika vijiti vya kiberiti kati ya kigae na kigae ili nafasi zilingane, kisha akalala kifudifudi sakafuni na kufumba jicho moja. Mstari ukipinda kidogo tu, unabandua safu nzima. Nililia sana kwenye nyumba za watu, lakini nilipotoka kwake mistari yangu ilinyooka kiasi cha kuwafanya wenye nyumba waite majirani.

Basi mkandarasi mmoja aliyekuwa akihudumia mgodi upande wa Geita akawa anatafuta mafundi wanaojua kubandika. Nikaenda. Nikapewa chuti. Chuti ni mfereji mkubwa wa chuma ulioinamishwa, unaoshusha mawe yaliyopondwa, au tope la mchanga na maji, kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine. Mchanga ule unakula chuma. Bati nene la chuma linaisha ndani ya miezi michache, unabaki na tundu. Kwa hiyo ndani tunavisha vigae vya kauri vyeupe, vidogo kuliko kiganja, vigumu kiasi kwamba ukivikwaruza kwa kisu ni kisu kinachoacha rangi yake pale. Tuliviita kwa jina la kitu kilichomo, alumina, ingawa wengine walisema tu "vile vyeupe".

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Shija, mtu wa Songwa, mwembamba, mwenye utani usiokuwa na breki. Wiki ile niliyoanza yeye alikuwa kwao kwenye msiba. Nikabandika peke yangu tumbo la chuti ya tope, nikapanga vigae vyangu kama mjomba alivyonifundisha, mistari imenyooka toka juu mpaka chini. Nilijipongeza kabisa. Chuti ikafungwa, ikawashwa.

Mtambo uliposimamishwa tena kwa matengenezo, Mzee Shija alikuwa amerudi. Alifungua mlango wa chuti, akamulika tochi, akaniita niingie naye.

"Mayu," akasema, na kwetu hilo ni neno la kumwita mama kwa heshima, "hii sebule ni nzuri sana. Makochi tutayaweka wapi?"

Nikacheka, nikidhani nasifiwa. Akanishika kidole, akakiingiza kwenye nafasi kati ya vigae viwili. Kidole kikazama. Mchanga ulikuwa umefuata mistari yangu iliyonyooka, ukateremka ndani yake bila kikwazo, ukachimba mfereji mpaka kwenye chuma chenyewe. Vigae vilikuwa vizima, havina mkwaruzo, lakini chuma nyuma yake kimechorwa mistari ya mjomba wangu. Kwenye nyumba unapanga nafasi zifuatane. Kwenye njia ya tope unazipishanisha, kila nafasi iishie kwenye uso wa kigae kinachofuata, ili mchanga ukose barabara. Nilibandua vyote kwa patasi kwa siku mbili, na kila aliyepita aliuliza kama makochi yameshafika.

Huyo ndiye mtu aliyenifundisha kazi. Hakunifokea hata siku moja. Alikuwa akikutania mpaka kosa linakuuma mwenyewe, halafu anakaa chini na wewe mnalirekebisha.

Alinifundisha kulamba kigae. Msicheke. Ukienda dukani na muuzaji akaapa kwamba hiki ni cha sakafuni, kigeuze, gusa mgongo wake kwa ncha ya ulimi. Ulimi ukinata, kigae kinakunywa maji, hicho ni cha ukutani. Kimeokwa kidogo, ni chepesi, ni rahisi kukata, kinapendeza jikoni na bafuni ukutani, lakini ukikiweka sakafuni mguu wa meza utakipasua. Ulimi ukiteleza, kimeokwa sana, kimefunga vinyweleo vyote, hicho kitabeba uzito na kitastahimili maji. Kama unaogopa kulamba, mwagia tone la maji mgongoni uhesabu taratibu uone kama kitalinywa. Mzee Shija alisema tone la maji ni la watu wa mjini.

Alinifundisha pia kwamba ugumu si uimara wa kila kitu. Kauri inastahimili msuguano, tindikali na moto, na haipitishi umeme, ndiyo maana mnaona vikombe vyake juu ya nguzo za umeme. Lakini haipendi kupigwa, na haipendi kushtuliwa. Kwenye chumba cha kuyeyushia dhahabu tulikuwa na mabamba ya kauri chini ya tanuri, yanakaa na moto mchana kutwa bila kulalamika. Siku moja jamaa mmoja aliona bamba limechafuka, akachota maji kwenye ndoo akalimwagia lingali na moto. Lilipasuka kwa kishindo, wote tukalala chini. Bamba lile lilivumilia moto miaka, likashindwa na ndoo ya maji. Yule jamaa alitembea wiki nzima anaitwa Zimamoto.

Na mimi niliwahi kujifanya fundi wa kanisa. Kigango chetu kule Ushirombo kiliomba nipambe baraza la mbele, nikawawekea vigae vilivyong'arishwa vya kuvutia, unajiona uso. Jumapili ya mvua ya kwanza maandamano yakaingia, katekista mbele na msalaba, kwaya nyuma yake inaimba. Katekista aliteleza pale barazani akajikuta anafika altareni mapema kuliko ilivyopangwa. Msalaba haukuanguka, Mungu ni mwema. Nje, bafuni na kwenye ngazi weka kigae chenye uso wa kukwaruza hata kama mwenye nyumba ananuna. Na kama mko Shinyanga kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, msibandike chochote kabla hamjaondoa udongo huo na kujaza kifusi na kushindilia vizuri. La sivyo sakafu itanyanyuka katikati, na mtaitwa matapeli.

Sasa nifike kwenye kugonga, kwa sababu ndiko kulikonifanya niandike.

Kigae ukishakibandika huoni nyuma yake. Gundi ya mgodini inakuja kwenye makopo mawili, moja nyeupe, moja nyeusi. Unazikoroga mpaka zote zinakuwa kijivu, bila mchirizi hata mmoja. Chuma unakikwangua kwa grenda mpaka king'ae, na unabandika siku hiyohiyo kabla hakijapata kutu. Tone moja la jasho likidondoka pale, gundi inakataa. Sasa ndani ya chuti kuna joto la kuivisha viazi, na wewe unatoka jasho. Kwa hiyo hata fundi mzuri ataacha kigae kimoja, viwili, au sehemu nzima ambayo haikushika. Namna ya kujua ni kugonga. Unachukua kinyundo, unagonga kimoja baada ya kingine, unasikiliza. Kilichoshika kinajibu kifupi, kimeshiba. Kilicho na uwazi nyuma kinajibu kwa sauti ya debe. Hata nyumbani fanyeni hivyo, hasa ninyi mnaoweka vidonge vitano vya saruji mgongoni mwa kigae badala ya kukipaka chote. Mimi nikiingia kwenye nyumba ya mtu huwa nagonga kwa kisigino kabla sijakaa, watoto wangu wananionea haya.

Mgodini kazi ya kugonga ilikuwa ya Mzee Shija. Gundi ikishakauka anaingia peke yake, anagonga vigae vyote, vyenye sauti ya debe anavichora alama ya chaki, tunavibandua na kuvirudishia. Kisha anasaini karatasi ya ukaguzi. Bila sahihi yake mtambo hauwashwi. Tulimwamini kuliko mashine yoyote.

Na kulikuwa na desturi yetu moja ambayo hakuna aliyetufundisha. Mgodini unapewa vizibo vya masikio, na kinu cha kusagia mawe cha jirani kinapozunguka huwezi kuvitoa, kelele yake inaingia mpaka kwenye meno. Lakini kigae ukikigonga na vizibo masikioni husikii tofauti. Kwa hiyo tulivitoa. Laini yetu ya mitambo imesimama, laini ya pili inanguruma upande wa pili wa ukuta, na sisi vizibo mfukoni, tunasikiliza vigae. Mimi nilifanya hivyo mara mojamoja. Mzee Shija alifanya hivyo miaka yake yote.

Nilianza kugundua kwenye shikamoo. Asubuhi ukimsalimu kwa mbele, marahaba inakuja na utani juu yake. Ukimsalimu kwa nyuma, kimya. Ninyi mnajua kwetu mzee asipoitikia shikamoo inavyouma. Wafanyakazi wakaanza kunung'unika, "Mzee siku hizi anaringa." Mimi nikawa natetea, nasema labda ana mawazo.

Halafu siku moja tuko wote ndani ya chuti, akagonga kigae kikatoa sauti ya debe, wazi kabisa, akasogea kwenye kinachofuata. Nikasubiri ageuke anitanie kwamba alikuwa ananipima. Hakugeuka. Akagonga kingine kibovu, akapita. Nilisimama nyuma yake na tochi, nikaelewa kila kitu kwa pamoja. Yule mzee alikuwa hasikii, na yeye mwenyewe hakuwa anajua, au alikuwa anajua na hakutaka kujua.

Sikusema. Nilimpenda, wanangu, naandika hivyo bila aibu. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu kwa heshima, na nilijua wakimpima masikio watamwondoa kwenye ukaguzi siku hiyohiyo. Nani angekuwa Mzee Shija bila kinyundo chake? Kwa hiyo nikatafuta njia yangu. Akimaliza kugonga na kwenda kusaini, mimi nasema, "Naingia kusafisha vumbi." Nikiwa ndani nagonga upya vyote, mwenyewe, vizibo mfukoni. Vibovu alivyoviacha nabandua na kubandika tena, kimyakimya. Mtambo ukichelewa nasema gundi ilikuwa haijakauka. Nilifanya hivyo kwa miezi, tangu masika ya mwaka mmoja mpaka karibu masika ya mwaka uliofuata, na nilijiona mtu mwema sana.

Kulwa na Doto walipopata komunyo ya kwanza, niliomba ruhusa ya siku chache kwenda Ushirombo. Nilijua kabla sijaondoka kwamba wiki ile kulikuwa na chuti ya mawe inavishwa upya. Ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani, niliisoma kwa macho yangu. Nikasema moyoni, mara moja tu, haitakuwa shida. Nikapanda gari.

Niliporudi kazini chuti ilikuwa imeshawashwa, sikuuliza. Wiki ya pili yake ikaziba. Masanja, fundi wa mikanda ya kusafirishia mawe, mtu wa Bukombe, akaingia kuzibua. Alifuata taratibu zote, mtambo umezimwa, kufuli lake limefungwa. Akiwa ameinama kuvuta mawe, kipande kizima cha vigae vya ukuta wa juu kikabanduka kikiwa kimeshikana, kikamwangukia begani. Kauri iliyovunjika ina makali kuliko chupa. Ilimvunja mtulinga na kumkata nyama ya bega mpaka ndani. Nilisikia akiita jina la mama yake. Tulimtoa watu wanne.

Kesho yake asubuhi tukaitwa kwenye kikao cha usalama. Afisa usalama, kijana mpole aliyetoka Mbeya, alikuwa na karatasi ya ukaguzi mkononi. Sahihi ya Mzee Shija ilikuwa chini yake. Vile vigae vilivyoanguka vilikuwa na gundi isiyoshika, imebaki laini na safi mgongoni. Mtu yeyote angevisikia.

Kijana yule alimsogelea Mzee Shija, akamwonesha karatasi. "Mzee, ulikagua hii chuti?"

"Nilikagua."

"Uliingia ndani mwenyewe?"

Mzee akatazama mdomo wake, akajibu, "Niligonga kimoja kimoja. Vilikuwa vizima."

Watu wakaangaliana. Mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee atakuwa alisaini akiwa kantini anakunywa chai. Mwingine akaguna. Niliona ile imani ya miaka yote inamtoka mzee mbele ya macho yangu, na yeye amekaa wima, hajui kinachosemwa nyuma yake. Kama ningenyamaza, angeondoka mgodini akiitwa mwongo, mtu aliyemuumiza mwenzake kwa uvivu. Kama ningesema, ningekuwa nimemvua masikio yake mbele ya watu.

Nikasimama. "Mzee hajadanganya," nikasema. "Aliingia. Aligonga vyote. Ila hasikii. Hajasikia vigae tangu masika yaliyopita, na mimi nilikuwa narudia ukaguzi wake kwa siri. Wiki ile sikuwepo."

Mzee Shija akawa anawatazama watu, mmoja baada ya mwingine, anaona nyuso zimebadilika. Akanigeukia, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Mayu, umesemaje?"

Nilikuwa nimeshasema, nimeshalipa, nilidhani imekwisha. Kumbe mtu mwenyewe hakuwa amesikia. Nikamsogelea, na kwa sauti kubwa, kwa Kisukuma ili asipoteze neno, nikamwambia tena yote, pamoja na lile la kurudia kazi yake kwa siri. Nilimpigia kelele baba wa watu mbele ya vijana aliowafundisha.

Aliponielewa hakukasirika. Aliuliza tu, "Tangu masika?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akavua kofia yake ngumu, akatoa kinyundo kiunoni, akaviweka juu ya meza mbele ya afisa usalama, akatoka nje.

Walimpima masikio, wakamstaafisha kwa sababu ya afya. Jina lake halikuchafuliwa, na hilo linanifariji. Baada ya pale wakaleta utaratibu mpya: laini ya jirani nayo inasimama wakati wa kugonga, na wakaguzi wawili wanaingia, si mmoja. Siku hizi wanavyo hata vifaa vya kupima, na vigae vingi vinakuja vimeshagandishwa kiwandani kwenye mpira mzito, unafunga paneli kwa nati. Mpira unapokea kishindo, kauri inapokea msuguano, kila kimoja kinafanya kile ambacho mwenzake hakiwezi. Nafurahi kwa ajili yenu. Cheo cha Mzee Shija cha ukaguzi walinipa mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyezijua sauti za vigae kama mimi. Nilikishika mpaka nilipostaafu, na hakuna siku niliyosaini ile karatasi bila kuona aibu.

Ilinichukua miezi kwenda Songwa. Nilimkuta mzee nyumbani kwake, amekaa nje ya nyumba akichambua mbegu za choroko na mkewe. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo nikiwa mbele yake kabisa. Akaitikia marahaba, akanionesha kigoda.

"Kaa hapo kwenye mwanga, nione mdomo wako."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima toka Kahama. Nikasema nisamehe kwa kukuaibisha mbele za watu. Alinisikiliza kwa macho mpaka nikamaliza.

"Pale kikaoni ulinisaidia," akasema. "Kosa lako lilikuwa miezi ile ya nyuma. Ungeniambia siku ya kwanza, tukiwa wawili ndani ya chuti, ningekutukana kidogo. Kisha ningeenda mwenyewe kwa daktari na miguu yangu."

Nikasema nilikuwa namwonea huruma.

"Ndiyo. Ulinionea mimi huruma." Akachambua mbegu mbili tatu. "Masanja umeshaenda kumwona?"

Nilikuwa nimemwona hospitali, pamoja na wenzangu wote, tumebeba juisi na machungwa. Nyumbani kwake sikuwa nimefika. Wanangu, miezi yote ile nililia kwa ajili ya Mzee Shija, na aliyevunjika bega hakuwa Mzee Shija.

"Mimi nimeenda," akasema mzee. "Nilipanda basi mpaka kwake. Nenda."

Nilikwenda wiki ileile. Masanja alikuwa amejenga pembeni ya Ushirombo, karibu na barabara. Mkewe alinipokea vizuri, akaingia ndani kuandaa. Masanja alinipa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa hawezi kuunyanyua kupita kifua, na huo ndio aliokuwa akipigia plasta kwenye nyumba za watu wakati wa likizo; sasa ndoo ya maji yenyewe alikuwa akibebewa na mkewe. Tukazungumza mvua, tukazungumza pamba, nikashindwa kuanza.

Ikabidi aanze yeye. "Mzee Shija alikuja hapa. Alikaa hapo ulipokaa. Aliniomba msamaha akalia, mtu mzima yule. Nilimsamehe kabla hajamaliza, kwa sababu yeye hakusikia vile vigae." Akanitazama. "Wewe ulikuwa unasikia, Mama Kulwa."

Hakusema kwa hasira, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekasirika. Nilitaka kumweleza habari za komunyo, za mzee, za jinsi nilivyompenda, nikaona maneno yote hayo yanamzunguka yeye na bega lake bila kuligusa.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nilikuwa nasikia. Na ratiba niliisoma kabla sijaondoka."

Alikuwa hajui hilo la ratiba. Hakuna aliyekuwa anajua mpaka nilipolisema pale. Akageukia barabara, akatazama malori yakipita. Mkewe akatoka na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye sinia, akasimama anatuangalia, asijue pa kuliweka. Masanja akalipokea kwa mkono wake wa kushoto, likayumba kidogo, akaliweka kati yetu, akaniambia nile.